Udongo Uliolowa Juu

Tulipopewa kazi ya kumwagilia miti michanga pale Mnazi Mmoja, tulikuwa wawili: mimi, Mnyamwezi niliyeletwa mjini na reli, na mzee mmoja wa Kizaramo. Uwanja ule ulikuwa umeachwa wazi kati ya nyumba zetu za Kariakoo na maduka ya Uhindini. Mwishoni mwa vuli ulipandwa ukoka na safu mbili za miti. Mzee alipewa safu ya upande wa Kariakoo, mimi nikapewa ya pili.

Bwana wa bustani, Mzungu, alituahidi kwamba miti ikifika masika ingali hai, tutaandikwa kazi ya kudumu. Mimi nilikuwa na mabega, ningeweza kupakua mizigo bandarini. Mzee hakuwa na pengine. Mkewe alikwisha kufa, na shamba lake la Kisarawe lilikuwa mikononi mwa wapwa zake. Alibakiwa na chumba kimoja cha kupanga na kazi ile.

Maji tuliyateka kwenye bomba la mtaa, madebe mawili kila safari, yakining'inia kwenye mzega begani. Wanawake waliopanga foleni hawakutuacha.

"Wapisheni wakwe wa miti!" mmoja alipiga kelele. "Wanangu hawajanawa uso, majani yanakoga!"

Mzee alicheka, kisha akanigeukia mimi, mtani wake. "Kwenu mlibeba pembe za ndovu, Mnyamwezi. Huku tumekupandisha cheo, unabeba maji."

Yeye hakumwagilia miti yote kila siku. Alizungushia kila shina ukingo wa udongo, akamimina madebe mawili polepole, akangoja yazame, akafunika kwa nyasi kavu. Mti huo hakuugusa tena mpaka siku ya tano.

"Ukiupa maji juu, mizizi inabaki juu kuyangoja," aliniambia. "Yashushe, nayo itashuka."

Lakini bwana alipita kila asubuhi na fimbo yake, akichokoa udongo.

"Hii kavu."

"Chini ina maji, bwana. Nichimbe uone?"

"Usichimbe. Mimi nataka kila mti, kila siku."

Mzee aliitikia, kisha akaendelea kama kawaida yake. Mimi nilitii. Kwa kuwa sikuweza kubeba maji ya kuishibisha safu nzima, niliupa kila mti kata moja tu, ile ya kifuu cha nazi. Udongo uligeuka mweusi, bwana akapita akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijua ninachokifanya.

Mara ya tatu alipokuta udongo mkavu kwa mzee, alimfukuza palepale, mbele yangu. Mzee aliulaza mzega wake chini.

"Mtani, wewe umeona nilivyofanya kazi," aliniambia. "Miti ikisema, nawe useme. Huenda akanirudisha."

Nikaahidi. Safu zote mbili zikawa zangu, na zote nikazipa kata moja moja.

Katika joto la Februari bomba likaharibika. Siku tano watu wenyewe walihangaika na visima vya chumvi, sembuse miti. Siku ya sita nilipita kuikagua. Safu yangu ilikuwa imekauka, mti wa kwanza mpaka wa mwisho. Niling'oa mmoja, ukatoka kama kitunguu. Mizizi yote ilikuwa imejikunja karibu na uso wa ardhi. Chini yake palikuwa vumbi. Safu ya mzee ilikuwa imenyauka, lakini vichipukizi vilikuwa vya kijani, na nilipouvuta mti mmoja haukusogea.

Bwana alikuja, akasimama katikati.

"Mzee alimwagilia safu gani? Mimi nasahau."

Mkono wangu ulielekea kwenye miti iliyokufa.

"Nilijua," alisema. "Hii yako mzuri sana."

Siku hiyohiyo nikaandikwa kazi ya kudumu.

Ijumaa, baada ya sala, mzee akaja. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa ikang'aa. Alikuwa amekwisha kuipitia safu yake, na uso wake ulikuwa wa furaha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mtani, imepona! Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amekataa."

"Aliiona miti yenyewe?"

"Aliiona. Amesema akishafukuza mtu hamrudishi."

Mzee akanishika bega. "Basi, mwanangu. Usishindane naye kwa ajili yangu, usije ukafukuzwa na wewe."

Alisema ataondoka keshoye kwenda Kisarawe, kuwaomba wapwa zake pa kulala. Nilimsindikiza hadi mwisho wa uwanja. Njia nzima alinieleza namna ya kuitunza ile safu mpaka mvua zianze: mti upi una udongo wa kichanga, upi uongezewe nyasi, upi usiguswe kwanza. Nami niliitikia kila neno.