Severini au Klementi

Mikono ya mama yangu ilinuka dawa ya kulainishia nywele, na harufu hiyo haikutoka hata akiisugua kwa limau na sabuni ya kufulia. Ilikuwa harufu kali ya kuwasha pua. Mpaka leo nikipita mbele ya saluni ambayo mlango wake uko wazi, naliona jiko letu dogo la ghorofani kule Marshalltown, mama amesimama mbele ya sinki, tumbo lake limegusa ukingo, anasugua kidole kimoja kimoja huku akinung'unika. Ulikuwa msimu wa baridi. Baridi ya Johannesburg ni kavu, inapasua midomo na kukwaruza koo, na jua lake la asubuhi ni la uongo mtupu: linawaka vizuri dirishani, ukitoka nje unatetemeka. Kutoka mabondeni nje ya jiji upepo ulileta moshi wa nyasi zilizochomwa, ukaingia hadi kwenye shuka zetu. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba nzima ilikuwa inaogopa jina.

Najua si kila mtu huogopa jina, kwa hiyo nieleze. Baba yangu alifiwa na wazazi akiwa mdogo huko Likasi, Kongo, akalelewa na kaka yake mkubwa, Severini. Huyu baba mkubwa alikuwa amesoma seminari ndogo kwa mapadri, akaacha kabla ya kufika popote, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kitu pekee alichotoka nacho seminari ni Kilatini. Basi ukoo mzima ukamfanya mtoa majina. Mtoto akizaliwa, Lubumbashi au Johannesburg, simu ilipigwa kwake, naye angetamka jina kama hakimu anayesoma hukumu. Mimi nilipozaliwa alisema Perpetua, maana yake wa kudumu, kwa sababu aliyenitangulia hakudumu. Mdogo wangu akaitwa Konstansia, imara. Hakuna aliyewahi kubisha. Shuleni kwetu watoto wenye majina ya Kizulu na ya Kiingereza walilikata langu vipande, wakaniita Pepe, mara Petu, na mwalimu mmoja aliniita "wewe wa P" mwaka mzima. Nilikuwa nakasirika, lakini ningemlalamikia nani?

Mvulana wa kwanza, hata hivyo, hakuhitaji simu. Katika ukoo wa baba, mtu aliyekulea ndiye anayerithiwa jina na mvulana wako wa kwanza, jina la ubatizo na yote, na mtoto anakuwa somo wake. Kwetu somo si jina tu. Watu huamini kwamba mtoto huvuta tabia ya somo wake, hatua kwa hatua, mpaka hata kikohozi chao kinafanana. Na Severini, kwa Kilatini, ni mkali. Baba mkubwa alilitendea haki jina hilo. Baba alikuwa na makovu madogo magotini, ya kupigishwa magoti kwenye kokoto alipokosea hesabu, na aliyaonyesha kama mtu anayeonyesha cheti. Mke wa baba mkubwa alishaondoka zamani. Hakuwa na mtoto, hakuwa na rafiki tuliyemjua. Mama hakumchukia. Aliogopa tu kunyonyesha mtu wa namna hiyo tangu mwanzo, na alijua kwamba akifungua mdomo ataonekana mwanamke aliyekuja kuvunja ukoo wa watu. Kipimo cha hospitali kilishaonyesha mvulana. Tangu siku hiyo mama akaacha kuimba akipika.

Halafu baba mkubwa mwenyewe akaja. Alikuja kwa basi kutoka Lubumbashi kutibiwa macho, akalala kwenye sofa ya sebuleni, na nyumba yetu ikageuka shule. Alikula mgongo umenyooka. Alizima televisheni bila kuuliza nani anatazama. Mimi na Konstansia tukisemezana Kiingereza, alikuwa akigonga meza kwa kidole na kusema, "Kwenu ni wapi?" mpaka turudi kwenye Kiswahili, chetu kibovu chenye eish na sharp za mitaani ndani yake, ambacho nacho alikisahihisha. Baba, mtu mzima, mlinzi wa jengo la ofisi kule Braamfontein, mwenye sauti ya kufukuza wezi, alikuwa akiingia sebuleni na kusimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtoto. Nilimwonea aibu kidogo, na huruma pia.

Wiki moja hivi baadaye mama alikuwa anaanika blanketi za sofa kwenye kibaraza. Begi la mgeni lilikuwa pembeni pale pale, zipu wazi, na ndani akaona kiblanketi cha mtoto mchanga, kipya, cha buluu. Mtu mwingine angefurahi. Kwetu somo ndiye humnunulia mtoto kitambaa cha kwanza cha kumfunika, na mtu hanunui kitambaa hicho kabla hajajua kwamba jina lake limepita. Mama aliketi chini pale kwenye saruji ya baridi. Aliniambia nimletee maji, nikamletea, hakuyanywa. "Amekuja kuchukua mtoto," alisema, kisha akaona nimetoa macho, akasahihisha, "Amekuja kumpa jina, ninasema." Lakini nilikuwa nimesikia alichosema kwanza, na niliogopa kwa namna ambayo nilikuwa sijawahi kuogopa.

Saluni mama alifanya kazi kiti kwa kiti na Mama Rehema, mwanamke wa Tanga mwenye mdomo mwepesi kuliko mikasi yake. Jumamosi nilikaa nao nikipanga vibanio. Mama alipomweleza habari ya kiblanketi, Mama Rehema aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, akacheka hadi akashika kiuno. "Nyie Wakongo mna majina kama dawa za hospitali! Severini kutwa mara tatu, Perpetua baada ya chakula." Mteja naye akacheka. Kisha Mama Rehema akaona uso wa mama, sauti ikashuka. "Shoga, mwambie mumeo. Mtoto unambeba wewe."

"Nitamwambia nini? Kwamba mtu aliyemlea hafai?"

"Mwambie unataka nini wewe. Unataka nini?"

Mama alirudi kwa mteja wake. Alinijibu mimi jioni ile, jikoni, akiwa anasugua vidole vyake, bila mimi kumuuliza. Alisema katekista aliyemfundisha komunyo ya kwanza aliitwa Klementi. Alikuwa mtu mfupi, anavaa kandambili hata kanisani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku watoto walipomwaga divai ya misa. "Klementi," alisema tena, polepole, kama anayejaribu kiatu dukani. Akanikataza kumwambia mtu. Sikumwambia mtu, ila usiku nililala nikiliombea jina hilo, nikampa Mungu na sababu zake zote, kwa Kiingereza, ili baba mkubwa asiniambie nimekosea.

Mtoto alizaliwa salama, mnene, na kilio cha kusikika barabarani. Jumapili iliyofuata baba aliwaita watu wachache wa jumuiya yetu ya kanisa. Mama Rehema naye alikuja na sahani ya vitumbua vilivyofunikwa kwa karatasi. Tulipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki, madirisha yakapata ukungu wa mvuke, na sebule ikajaa hadi watoto tukakaa chini ya meza. Baba mkubwa aliketi kwenye kiti kimoja chenye mikono, bandeji kwenye jicho la kushoto. Mama alikaa kando ya mlango wa jikoni, mtoto mapajani, macho sakafuni. Mtoto alikuwa bado hana jina. Tulikuwa tunamwita Bebe. Baba alisimama. Alisafisha koo mara mbili, na nilimwona jasho juu ya mdomo, kwenye baridi ile. Akasema kwamba yeye asingekuwa mtu bila kaka yake, kwamba kila bakuli la uji alilokunywa utotoni lilitoka kwenye mkono ule. "Yaya, huyu mtoto ni wako. Ataitwa Severini."

Watu walianza kupiga makofi. Mimi nilimtazama mama. Hakulia, hakusogea, ila mkono wake uliokuwa unampapasa mtoto mgongoni ulisimama.

"Nani alikulomba?" alisema baba mkubwa. Kwao kulomba ni kuomba.

Makofi yakafa moja moja.

"Nimekuuliza. Nani alikulomba jina langu? Miye?"

"Yaya, ni haki yako. Na kile kiblanketi..."

"Kiblanketi kina nini? Hapa kwenu kuna baridi ya kuua mbuzi. Nilinunua blanketi, njo kusema nimekuwa na kosa?" Mama Rehema alicheka peke yake, akajiziba mdomo kwa kanga. Baba mkubwa alimgeukia kwa jicho lake moja, tukadhani ataanza kugonga meza, lakini alivuta pumzi tu na kujiegemeza, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona mgongo wake ukigusa kiti. Kisha alisema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko mahubiri yoyote. Alisema yeye alipewa jina la babu mmoja mkali, na tangu anatambaa watu walimwambia, huyu ni Severini, huyu atakuwa mkali, na akifanya ukali walipiga makofi. "Nikaona ni kazi yangu. Nikaifanya bien, vizuri kabisa. Mke akaenda. Huyu," alimnyooshea baba kidole, "mpaka leo ananiogopa, anafikiri sioni. Jina hili limechoka. Liacheni likae kwangu, nitakwenda nalo." Akamgeukia mama. "Mama Perpetua. Weye ulipenda jina gani?"

Nilihesabu baadaye, nikagundua kwamba katika nyumba ile, kwa watoto watatu, hilo lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo. Mama alimsogeza mtoto kifuani. Nilitaka kumjibia. Nilijiuma kidole. "Klementi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana, hata wa nyuma wakaulizana amesema nini.

"Klementi!" Baba mkubwa alilirudia kwa sauti ya darasani, ili wa nyuma wasikie. Akaeleza kwamba ni mpole, mwenye huruma, na kwamba Warumi walilitumia neno hilo hata kwa hali ya hewa, pale upepo unapotulia na mtu anaweza kutoka nje. "Kilatini kizuri," alisema. "Mie nisingepata kizuri zaidi." Mama akalia, machozi ya wazi, bila kujifunika, akicheka ndani yake. Baba aliketi chini kwa kishindo kama mtu aliyetuliwa gunia, akajipangusa uso kwa kitambaa cha meza. Mimi nikatamani kula, nikala vitumbua hadi Mama Rehema akanipokonya sahani. Jioni hiyo kiblanketi cha buluu kilimfunika Klementi, na mama aliosha vyombo akiimba.

Miaka imepita. Baba mkubwa alirudi Likasi macho yakiwa mazuri, akawa anatupigia simu kila Jumapili kutusahihisha Kiswahili, na alifariki mwaka juzi. Klementi ni jitu la futi sita, hasira zake ni za pilipili. Simama na gari mbele yake kwenye robot, yaani taa za barabarani, rangi ikiwa ya kijani uone. Tunamcheka, naye anazidi kukasirika. Kumbe jina halikuwa na nguvu yoyote ile tuliyoiogopa, na msimu mzima tuliogopa bure. Mimi sasa nina ofisi Braamfontein, na mimba yangu mwenyewe. Mume wangu, mtu wa Soweto, hulala kwenye kochi na simu akinisomea kurasa za majina ya kale yenye asili ya Kilatini, kwa maana inaonekana yamerudi kuwa fasheni. Watu ambao hawajawahi kuingia kanisani wanawaita watoto wao Yulio na Augusto. Mume wangu anapenda Maksimo, mkubwa kupita wote, kwa sababu yeye mwenyewe ni mfupi. Mama yake atatoa jina la Kizulu na nimelipokea kwa moyo mweupe. Lile jingine ni letu, hakuna mtu wa kupigiwa simu, hakuna wa kutetemekea. Ni raha, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa na jina moja moyoni, na nililibeba wiki kadhaa nikiona haya kulitaja mbele ya mama.

Nilimwambia Jumamosi iliyopita. Alikuwa amekuja kunisaidia kukunja nguo za mtoto, na nilisema haraka, nikitazama soksi, kwamba akiwa mvulana nafikiria kumwita Severini. Mama aliendelea kukunja. Nikaanza kujitetea, kwamba ni jina tu, kwamba kama haoni vizuri kuna mengine mengi kwenye simu.

"Mpe," alisema. "Katika ukoo wote wa baba yako, ni yule mzee peke yake aliyeniuliza."