Gambuti Dogo Pale Bwawani

Mwezi uliopita nilipanda Endarasha kutafuta mbegu ya viazi, na miguu yangu, bila kuniuliza, ikanipeleka bwawani. Nasema bwawani, rafiki yangu, lakini bwawa haliko tena. Pale palipokuwa na maji ya kuzamisha kanisa pamoja na kengele yake, leo pamelimwa vitunguu, mistari imenyooka mpaka ukingo wa pili. Kilichobaki ni nguzo za ua wa zamani. Na juu ya nguzo ya mwisho, gambuti dogo jeusi, kiatu cha mpira cha mtoto, limepasuka kwa jua.

Nikakaa chini. Hebu nawe kaa, nikuambie.

Mimi utotoni nilijifunza kuendesha mashua za tanga. Usicheke. Watu wa pwani hucheka wakisikia kwamba mtoto wa Kieni, aliyelelewa kwa githeri na vumbi, alijua tanga kabla ya kujua baiskeli. Kulikuwa na mwalimu, mtu wa huku huku kwetu, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi kisha akarudi nyumbani na upepo kichwani. Aliwaambia wazee wa kanisa kwamba vijana wakikaa bure Jumamosi watajifunza pombe, heri wajifunze maji. Mashua alizitengeneza fundi mmoja wa Naro Moru ambaye kazi yake ilikuwa majeneza, na umbo lingine hakulijua. Yalikuwa masanduku yenye pua butu, yananuka vanishi ya mazishi, na moja alijisahau akalitia vishikio vya shaba ubavuni. Hilo ndilo tulilopigania, maana lilikuwa na pa kushika.

Somo la kwanza lilikuwa kuipindua mashua makusudi na kuiinua tena. Maji yale yalikuwa na baridi ya kugandisha uji ukiwa bado jikoni. Ukiibuka, meno yanagonga kuliko cherehani zote za duka la Mhindi kule Nyeri. Baada ya hapo tukafundishwa upepo. "Upepo hauonekani," mwalimu alipenda kusema, "angalia unachosukuma." Sisi tuliangalia moshi wa jiko la nyanya yangu, pale kilimani juu ya bwawa, moshi mzito wa magunzi. Ukilala upande wa mlima, unavuta kamba ya tanga. Ukisimama wima, upepo umekwenda zake, nawe unatoa kiazi chako cha kuchoma mfukoni, unakula ukingoja.

Nyanya mwenyewe, Cucu kwa kila mtu, hakuwahi kuyafikia maji. Alikomea kwenye ua. Siku ya kwanza kabisa alimkuta mwalimu akitunyooshea kidole mmoja mmoja.

"Unafanya nini, mwalimu?"

"Nahesabu watoto, Cucu."

"Hesabu viazi."

"Cucu, niko na watoto wa watu hapa. Nitajuaje wote wamerudi?"

"Hata mbuzi hazihesabiwi. Watoto huitwa."

Kwetu wazee hawataki watu wahesabiwe, ni kuwaitia mkosi, nasi tukadhani ni hayo tu. Mwalimu hakubishana. Akaamua kwamba kila mtoto, kabla ya kuingia majini, atavika gambuti lake la kushoto juu ya nguzo ya ua. Ukirudi, unalitwaa. Nguzo zikiwa tupu, wote mko nchi kavu, na hakuna aliyehesabiwa. Nyanya akatazama zile nguzo zilizovaa viatu, akasema, "Sasa umekuwa mtu mzima."

Ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu ambayo hata ng'ombe hutamani sweta. Mchana, ukungu ukashuka kutoka Nyandarua, ukafunika maji kama blanketi. Mashua zikarudi moja moja, tukatwaa magambuti yetu tukichekana pua zilizovimba. Kisha kicheko kikakatika. Juu ya nguzo kulikuwa na gambuti moja jekundu. Lilikuwa la dada yangu mdogo.

Mwalimu akapuliza filimbi. Akaingia na mashua, na tukamsikia akipuliza na kupiga kasia, mara karibu, mara mbali, anazunguka tu mle ndani. Tukalia kila mtu kwa sauti yake.

Ndipo nyanya akashuka. Alibeba debe lake la kufukuzia nyani shambani. Akaupita ua, akaingia majini mpaka magotini na nguo zake. Akalipiga debe, akaita jina la dada yangu, ambalo ndilo jina lake mwenyewe, maana dada alirithi jina lake kama desturi ilivyo. Anapiga, anaita, ananyamaza kusikiliza. Ilinitia baridi kumsikia bibi mzee akijiita mwenyewe ndani ya ukungu.

Baadaye, sauti nyembamba: "Cucu."

Pua ya lile sanduku lenye vishikio ikajitokeza, dada akipiga maji kwa viganja.

"Filimbi ilikuwa kila mahali," akasema huku akitetemeka. "Debe lilikuwa mahali pamoja."

Nyanya akamfunga shuka lake. Lakini hakutoka majini. Aligeuka, akaita jina lingine. Jina la mvulana, ambalo hakuna aliyekuwa nalo nyumbani. Aliliita polepole, kama unavyomwita mtoto aje kula, na akanyamaza kusikiliza.

"Cucu, huyo ni nani?"

"Ni wa siku nyingi."

Tulipokwisha kukauka mekoni, akatuambia. Siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, yeye na jamaa zake walifungiwa kijijini, na kila jioni askari waliwapanga mstari na kuwahesabu. Jioni moja ya ukungu, ndugu yake mdogo alipotelea korongoni, korongo lile lile ambalo baadaye lilizibwa likawa bwawa. Mama yao akalia atafutwe. Askari akahesabu tena. "Hesabu ikatimia," nyanya akasema. "Hatujui walimhesabu nani. Ikatimia, lango likafungwa, na hakuna aliyekwenda kumwita."

Jumamosi iliyofuata alileta gambuti dogo jeusi, jipya, akaivika nguzo ya mwisho. "Mwalimu, huyu bado hajarudi." Mwalimu akavua kofia. Tangu hapo, likibaki lile peke yake, mwalimu aliita lile jina mara moja, tukanyamaza wote, halafu tukaenda nyumbani.

Mimi hutia chumvi, unanijua. Hapa sijatia hata punje.

Leo mwalimu hayuko. Nyanya amelala kilimani, na jiko lake halitoi moshi, kwa hiyo sikuweza hata kusema upepo unatoka wapi. Nikasimama kwenye ukingo wa vitunguu, mtu mzima na ndevu zangu, nikaliita lile jina. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akainua kichwa.

"Hilo gambuti tulilikuta hapo," akasema. "Waliotuachia shamba walisema lisiguswe." Akanitazama vizuri. "Umepoteza mtoto?"

"Ndiyo, mama."

Akalaza jembe, akapangusa mikono kwenye leso.

"Umesema anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akageukia upande wa pili wa shamba, naye akaanza kuita.