Mwaka Nilioanza na Golikipa

Nilitwaa ubingwa wa ligi yetu ya besiboli ya karatasi kwa tofauti ya pointi mbili, Jumapili ya mwisho ya msimu, saa kumi na moja jioni, na niliyemshinda ndiye aliyenifundisha. Alinipigia vigelegele mwenyewe, sebuleni kwake Pearland, karibu na Houston, mpaka jirani akatoka nje kuangalia kuna nini. Siku ile ninayo kichwani kama ilivyokuwa, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu Jumamosi ijayo unaketi nasi mezani kwa mara ya kwanza kuchagua timu, na nimeyaona makaratasi yako. Yanafanana mno na yangu ya zamani.

Mwaka mmoja kabla ya ubingwa huo nilikuwa wa mwisho kati ya watu kumi na wawili. Ngoja nirudi nyuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuja Richardson, karibu na Dallas, kusoma, nikapata kazi ya kompyuta, nikabaki. Asubuhi treni, mchana ofisi, jioni treni, kisha chumbani peke yangu. Ningeweza kumaliza wiki nzima bila kutamka neno la Kiswahili ila kwenye simu na mama. Kwenye harusi moja Houston nikakutana na Mzee Mapunda, mfamasia wa Sugar Land, mtu wa Songea mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Akaniuliza kama naijua besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo. Nikasema naijua. Nilikuwa naijua kidogo sana. Akasema, "Basi tuna kiti kimoja kwenye ligi yetu. Njoo."

Ligi yenyewe ndiyo hii unayoingia wewe. Sita wa upande wa Dallas na Fort Worth, sita wa Houston, Watanzania na Wakenya. Kila mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza, tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu na kuchagua kwa zamu wachezaji halisi wa ligi kuu, mmoja mmoja, mpaka kila mtu awe na timu kamili ya karatasi. Kila nafasi lazima ijazwe: mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, walinzi wa vituo, walinzi wa nyuma, warushaji. Kuanzia hapo, wanachofanya uwanjani ndicho kinachokuletea pointi. Zawadi ni kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja. Lakini kuna sheria: ukiwa wa mwisho miaka miwili mfululizo, unaachia kiti, anaingia mwingine. Wenzangu waliichukulia sheria hiyo kama utani. Mimi sikuwa na ndugu wengine Texas zaidi ya wale waliokaa kwenye meza ile.

Siku yangu ya kwanza ya kuchagua ilikuwa kwa Mzee Mapunda. Niliendesha gari kwa saa nne kutoka Richardson, nimevaa shati lililopigwa pasi, na kurasa arobaini za makadirio kwenye kiti cha pembeni. Unayajua: majina mamia, na mbele ya kila jina wataalamu wameandika wanachotarajia afanye mwaka huo, atapiga mara ngapi, ataiba vituo vingapi kwa kuchomoka mbio kabla mpira haujapigwa, wamepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa nimeyasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani wa taifa.

Zamu yangu ilikuwa ya nne. Watatu walionitangulia walichukua wapigaji wakubwa. Nikasimama, nikataja jina la mdakaji.

Usicheke bado. Nilikulia Morogoro, tukicheza mpira kwenye kiwanja cha karibu na reli, na kocha wetu kila Jumamosi alimtaja kipa kwanza. Sasa namtazama mdakaji: amevaa kinyago, ana glavu kubwa, yuko nyuma peke yake, anauona uwanja wote, anawapangia wenzake. Nikajiambia huyu ndiye golikipa wao.

Mzee Mapunda aliweka sahani chini. "Umesema nani?"

Nikarudia.

"Kijana, kazi ya huyo ni kuchuchumaa! Magoti yakimuuma anapumzishwa. Akipumzishwa, pointi utaleta wewe?"

"Ni golikipa, mzee," nikasema. "Timu inaanzia kwa kipa."

Nyumba ililipuka. Mtu mmoja alimwaga chai. Tangu saa ile hakuna aliyeniita Idrisa tena. Nilikuwa Golikipa.

Nikapaniki. Nikachukua warushaji watano mfululizo, kwa kuwa majina yao yalikuwa juu kwenye kurasa zangu. Nilipokumbuka kutafuta shotistopu, yule anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, alikuwa amebaki mmoja ambaye hata mashabiki wa timu yake walikuwa wamemkatia tamaa. Kufikia mwezi wa saba warushaji wangu wawili walikuwa wameumia mabega, golikipa wangu anapumzika kama nilivyoonywa, na mimi niko chini ya wote, peke yangu.

Mwezi wa kumi tulikula pamoja chakula cha kufunga msimu, safari hii Richardson. Nikataka kujitetea. Nikasema mbele ya watu kwamba makadirio yalinidanganya.

"Nani amekudanganya?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Kendi. Mmeru wa Kenya, msimamizi wa wauguzi wa wodi moja kwenye mojawapo ya hospitali kubwa za Houston, na bingwa mara tatu. Alipoongea, hata Mzee Mapunda alipunguza sauti.

"Makaratasi, Mama."

"Ati makaratasi. Enda uyalete."

Yalikuwa bado ndani ya gari. Hilo nalo lilikuwa aibu. Alisukuma sahani pembeni, akafungua ukurasa wa wadakaji.

"Hapa wameandika huyu mtu wako atafanya nini. Alifanya?"

"Alifanya."

"Vile walisema?"

"Karibu vilevile."

"Sasa uongo uko wapi?"

Nikafuata mstari wa jina lake kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wewe hukudanganywa. Wewe ni mvivu," akasema, na hakushusha sauti. "Umesoma kurasa arobaini na hujajiuliza swali hata moja. Wamekuambia kila mtu atafanya nini. Hawawezi kukuambia wewe unahitaji nini, hawakujui."

Nilitamani kuondoka. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya makaratasi yangu, na haukuwa na haraka.

"Sikia, kijana. Nikipanga zamu za wodi, unafikiri naanza na muuguzi hodari? Hao niko nao wengi. Naanza na mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, kwa sababu wanaoijua ni watatu tu. Nikishaweka hao, wengine watajipanga. Nikianza na wale wengi, Jumapili nitakuwa na watu kumi wazuri na mashine haina mtu. Shika kalamu."

Akanigeuzia ukurasa upande mweupe. Akanifanya nichore safu, kila nafasi safu yake, niandike majina kwa mpangilio wa makadirio yaleyale niliyoyatukana.

"Walinzi wa nyuma wazuri ni wangapi?"

Nikahesabu. Zaidi ya thelathini.

"Shotistopu?"

"Wanne."

"Na huyo wa tano?"

Nikatazama namba zake. Zilikuwa kama nusu ya za wa nne.

"Piga mstari hapo. Hapo ni shimo. Wa nne akichukuliwa, umeanguka ndani. Na wadakaji?"

Wa kwanza aliwazidi wenzake kidogo tu. Kutoka wa pili hadi wa kumi na tano ungeweza kufumba macho ukachagua.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ningengoja mpaka mwisho kabisa."

"Aaa," akasema Mama Kendi. "Golikipa ameamka. Mpatieni chapati."

Majira ya baridi yote nilichora safu. Nilichora kwenye treni ya asubuhi, nikachora kwenye treni ya jioni, na makadirio mapya yalipotoka nikafuta mistari nikaipiga upya. Jumapili, Mama Kendi akitoka kanisani, nilimpigia simu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Walinzi wa kituo cha pili, shimo liko wapi?" Hakuniuliza habari za nyumbani mpaka nijibu.

Kuchagua kwa mwaka wa pili kulifanyika kwake Pearland. Kila mtu alijua kiti changu kiko mashakani. Tayari kulikuwa na mhandisi wa Fort Worth aliyeambiwa akae mkao wa kula. Nilipoingia, Mzee Mapunda alinifungulia mikono.

"Golikipa wetu! Leo unaanza na kipa tena, au tukutafutie refa?"

"Leo naanza na unachokitaka wewe, mzee," nikamjibu, na nilishangaa kusikia wenzangu wakipiga meza.

Mizunguko miwili ilipita, nikapata mpigaji wangu na mlinzi wa kituo cha pili. Kufikia mzunguko wa tatu, shotistopu watatu walikuwa wamekwenda. Wa nne, aliye juu tu ya mstari wangu, alikuwa bado. Aliyekuwa na zamu kabla yangu ni Mama Kendi, na yeye pia safu yake ya shotistopu ilikuwa tupu. Niliona kidole chake kikishuka kwenye karatasi, kikasimama. Akamtaja mlinzi wa kituo cha kwanza.

Nilimtaja shotistopu kabla hajamaliza kuketi. Baada ya hapo nilikuwa mtulivu kama niko kwangu. Warushaji niliwachukua katikati, kwa kuwa walikuwa tele. Mdakaji nilimchagua wa mwisho kabisa, na nilipomtaja wote waliimba, "Golikipaaa!" Nikainama kama mchezaji anayepigiwa makofi.

Msimu ule sikuwa chini hata wiki moja. Mwezi wa sita nilikuwa wa tano, mwezi wa nane wa pili. Asubuhi ya siku ya mwisho Mama Kendi alikuwa juu yangu kwa pointi mbili. Sikuweza kukaa na hofu ile peke yangu. Nikaendesha gari kwa saa nne hadi Pearland. Alinifungulia mlango akiwa bado na nguo za kanisani. Tuliketi kochi moja, macho kwenye runinga, mpaka shotistopu wangu alipoiba kituo cha pili, kisha muda mfupi baadaye akaiba cha tatu, pointi mbili kwa kila kituo. Mechi ikaisha. Tukatazama jedwali. Jina langu lilikuwa juu.

Hapo ndipo vigelegele vilipoanza. Binti yake alitoka chumbani, akamwambia kwa Kiingereza kwamba aliyeshindwa ni yeye.

"Nyamaza, najua nimeshindwa! Weka chai!" Kisha akanishika mabega akanitikisa. "Idrisa! Idrisa!" Mwaka mzima na nusu sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake.

Basi sikia, mwanangu. Makadirio yasome, yaheshimu, lakini usiyaachie yakuchagulie. Kabla hujamtamani aliye bora, uliza: nikimwacha huyu, nitabakiwa na nani? Kilicho tele kingoje bila wasiwasi, hata watu wakikucheka. Kilicho kichache kichukue mapema, kwa sauti. Na usichukue ulichokizoea kwenye mchezo mwingine ukadhani ndicho kinachohitajika hapa. Nchi hii itakupa nafasi nyingi za kosa hilo. Mimi nilipochora safu za maisha yangu mwenyewe, niligundua kazi zilikuwepo nyingi na vyumba vya kupanga vingi. Mtu wa kuniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mvivu, kisha akanishikisha kalamu, alikuwa mmoja. Ukimpata wako, usimwache apite zamu.

Mungu akupe jicho la kuona shimo kabla ya mguu, akupe meza ya watu wa kukucheka na kukulisha, na kiti chako kisikose mwenyewe.

Jambo moja tu sijui hadi leo. Mwaka ule Mama Kendi alimaliza na shotistopu wa chini ya mstari, na alishindwa kwa pointi mbili. Nimemuuliza mara nyingi kama aliniachia yule wa nne. Mwaka mmoja alisema alikosea. Mwaka mwingine alisema nimalize chai yangu. Karatasi ya siku ile ya kuchagua anayo, kwenye droo ya jikoni, na hajawahi kunionyesha alipiga mstari wapi.