Kipokezi Kilichomvimbisha Nakato

Mwanangu, iko Ijumaa moja ya Deira, kule Dubai, ambayo sijaisahau hadi leo. Nilikuwa msichana mbichi kutoka Mombasa, muuza vitambaa katika duka la jumla. Nikilala mtaa wa Naif, chumba kimoja na Nakato, Mganda wa Masaka aliyefanya kazi jikoni mwa hoteli. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na ushei, nasi tulidhani ujana ni dawa ya kila kitu.

Ghorofa ya chini aliishi Bi Rukia, mwanamke wa Unguja aliyezeekea Dubai kwa binti yake. Ijumaa hiyo alitualika chakula cha mchana, akapakua wali na kamba wa nazi. Nilimwona Nakato akisita. Lakini mgeni mwenye adabu hakatai sahani ya mwenyeji, basi akala.

Chai haijamiminwa, midomo yake ikaanza kuvimba. Ngozi ikafura mabaka mekundu, kisha sauti ikamkwama kooni. Jirani aliyekuwapo akasema hiyo ni husuda, asomewe.

"Asomewe ndani ya teksi!" akafoka Bi Rukia. "Yalla, mshikeni!"

Zahanati haikuwa mbali. Wauguzi wakamdunga sindano ya paja, nasi tukasimama tukiangalia kifua chake kikipanda na kushuka, mpaka pumzi zikamrudia. Daktari alikuwa msichana wa miwani, Amal jina lake. Kumbe mama yake mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kikatiririka kuliko changu.

"Hii ni mara ya kwanza?" akauliza.

Nakato akageukia ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nikimenya kamba pale hotelini, mikono inawasha sana. Navaa mikono mirefu, nameza vidonge. Sir wa jikoni akijua, khalas, kazi imekwisha, narudishwa kwetu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akanong'ona Bi Rukia, machozi yakimlengalenga. Mkono uliopakua sahani ile ulikuwa wake.

Mimi nikainuka. Nikasema mwenzetu ameshapona, tusimchoshe daktari, mengine ni ya wasomi. Bi Rukia akanikamata kiganja.

"Kaa kitako, mwanangu. Kitu kimetaka kumuua mwenzio mbele ya macho yako, nawe hutaki hata kujua kina sura gani? Uliza!"

Nikauliza, huku uso ukinichoma kwa haya. "Dokta, kamba mdogo vile amefanyaje haya yote?"

Daktari akatugeuzia kompyuta yake. "Kamba hakufanya kitu. Ni mwili wa Nakato unaomdhania kamba kuwa adui. Ukimwona, unamwaga kitu kiitwacho histamini. Histamini hiyo hutafuta kipokezi chake kwenye seli. Ikishakaa humo, mishipa midogo huvuja maji, na ngozi huvimba na kuwasha. Kipokezi chenyewe ndicho hiki."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikuwahi kukiona kimechorwa! Pale kwenye kompyuta kilikuwa kama springi saba zilizosimama pamoja, zimepenya ngozi ya seli kutoka nje hadi ndani, na katikati yao pana shimo. Nikasahau haya zangu.

"Nani alikiona?" nikauliza. "Kwa darubini?"

"Darubini ya kawaida haikioni. Wataalamu walikibembeleza kiwe fuwele, chembe zake zikajipanga safu safu kama chumvi maji yanapokauka. Wakazipiga miale ya eksirei, na kwa jinsi miale ilivyotawanyika wakapiga hesabu ya umbo lake. Ni kazi ya juzijuzi tu. Na tazama shimoni: hiyo iliyokaa ni dawa ya kuwashwa, jamii ya vidonge vya Nakato. Imekalia nafasi ya histamini."

"Basi vidonge vyatosha?" akauliza Bi Rukia.

"La, mama. Kwa kuwashwa, sawa. Koo likifunga, ni sindano na hospitali, upesi."

Nakato akajiinua kitandani. "Na kwa nini vidonge vyangu vinanilaza?"

"Vya zamani hupenya hadi ubongoni. Na kule vipokezi hivi hivi ndivyo vinavyotuweka macho."

Nakato akanitazama. Miezi mingi aliitwa mvivu kazini, hata mwenyewe akaamini.

"Banange!" akasema. "Kumbe si uvivu!" Akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake nilimsindikiza kwa mkuu wa jiko. Alieleza yote. Yule bwana akasema mwanawe mwenyewe hawezi kugusa karanga, akamhamishia Nakato upande wa mikate. Sitakudanganya, mwanangu, si kila arbab, yaani tajiri wa kazi, angefanya hivyo. Lakini kabla ya kusema, Nakato alikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilielekea kaburini. Leo anaoka mikate Masaka, na sindano yake ya dharura haibanduki mkobani.

Basi shika haya. Mwili wako ukikunong'oneza, usiufunike kwa mikono mirefu, mwambie mtu. Sahani isiyokufaa ikatae kwa upole, mwenyeji mwema hataudhika. Na ukishapona usikimbilie mlango. Kaa, uulize umeponaje, hata kama sauti inatetemeka, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mola akupe afya ya kutosha, akuepushe na aibu inayoua, na akuweke karibu na watu watakaokushika kiganja na kukwambia, "Kaa, uliza." Amina.