Fundi Aliyevunja Nadhiri ya Kimya

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, mama yake akiwa ameacha gauni la bibi harusi nusu kwenye cherehani, na tangu utotoni hakujua kunyamaza. Tuseme ukweli, maana wapo wanaompamba hadi hatambuliki: mtumishi huyu wa Mungu alikuwa na mdomo. Alirithi kazi ya mama yake, akawa Fundi wa parokia, akishona kanzu za mapadri na vitambaa vya altare, na mteja aliyechelewa kuja kupimwa alisemwa mbele za watu. Mdogo wake wa kiume aliiba cherehani ya mama yao, akaiuza, akatokomea. Mama alikufa akimwulizia, na Fundi akamzika peke yake.

Kwaresima moja aliweka nadhiri ya kutosema neno hadi Pasaka. Parokia nzima ilimsifu, nasi tu wepesi mno wa kusifu! Wateja aliwajibu kwa chaki yake ya kushonea, akiandika juu ya kitambaa cheusi. Ndipo mdogo wake alipotokea mlangoni, amekonda, viatu mkononi.

"Dada, nimerudi. Najua nilichofanya. Nisamehe."

Fundi aliishika chaki, akaiweka chini, akaendelea kupiga pindo. Kijana alisubiri.

"Haya, dada," akasema, akaondoka.

Baadaye Fundi alipeleka kanzu sakristia, akamwandikia paroko yaliyotokea, tena kwa fahari kwamba nadhiri haikuvunjika. Mtunza sakristia alikuwapo akipanga mishumaa, na ndiye shahidi wetu. Paroko, mzee asiye na subira, alisoma akapiga kofi mezani.

"Alipoondoka, moyoni ulisikia nini?"

Fundi aliandika: Amani.

"Amani au raha?"

Alisita, akafuta, akaandika: Raha.

"Raha ya nini, binti yangu?"

Alianza kulia.

"Basi nisikilize. Roho wa Mungu hakupi raha ya kumwona ndugu yako akienda zake amevunjika moyo. Shetani naye anajua kufunga Kwaresima! Mungu anautaka huo mdomo wako. Nenda kautumie."

Alitoka mbio, pini zimechomekwa kifuani, akapita mitaani akiita jina la mdogo wake kwa sauti iliyofungua madirisha. Alimkuta stendi, mguu mmoja tayari ndani ya basi. Alianza kwa kumgombeza, abiria wote wakasikia, kisha akasema, "Nimekusamehe. Twende nyumbani. Mama alikuwa anakuulizia."

Kijana hakugeuka malaika. Alipopewa kazi dukani alivunja sindano, alilewa, alitoroka tena. Kila mara Fundi alimfuata, akamgombeza, akamsamehe, hadi pombe ikamwachia na akawa fundi wa kuaminika. Fundi alifariki mzee, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake aliyekuwa akilia kimya. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Usininyamazie."

Waliosali kaburini pake husimulia ndugu waliopatana baada ya kutosemezana kwa miaka mingi, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini jamani! Sasa kila Kwaresima watu wanakuja pale kuweka nadhiri ya kimya kwa heshima yake! Yupo mtu unayemnyamazia, na unamjua. Ukitaka kumwiga Fundi, ondoka kaburini, nenda ukamwite.