Dirisha la Mama

Nilipokuwa mtoto, chumba cha mama pale Kwihara hakikuwa na dirisha, na kisa chake kinanipandisha hasira hadi leo. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani ilikaa humo gizani, na uzi aliutunga kwenye sindano kwa kupapasa.

Alipoomba atobolewe dirisha, shangazi, dada yake baba, alimwonya. Nyumba ikishakaliwa, alisema, ukuta wake hautobolewi. Ukitobolewa, mwenye nyumba ataumia. Baba akamwita fundi hata hivyo.

Ukuta ulikuwa wa nguzo na fito zilizokandikwa udongo. Fundi alibandua udongo, akakuta nguzo katikati ya alama aliyoichora ya dirisha. Badala ya kusogeza dirisha, au kuweka kizingiti cha kubeba mzigo, aliikata kwa msumeno, akapachika fremu, akanawa mikono. Mimi nilikiona kipande cha juu kinaning'inia.

"Shikamoo fundi. Mbona hii haijashika chini?"

"Marahaba. Kacheze, binti."

Wiki mbili mama alishona kwenye mwanga, akiimba. Kisha mvua ikalowesha nyasi za paa, paa likawa zito, na mtambaapanya, ule mti wa juu ya ukuta unaobeba paa, ukakatika na kumwangukia baba mguuni. Alichechemea hadi alipofariki.

"Si nilisema?" shangazi alimwambia mama mbele ya watu.

Na yule fundi, aliyekuja kutoa pole, akaitikia kwa kichwa. "Mambo ya wazee haya, mama." Akaliziba dirisha kwa udongo, na mama akarudi kupapasa. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza habari ya nguzo. Mimi niliyeijua nilikuwa nimeshaambiwa nikacheze.

Mwaka huu nilileta fundi mwingine. Aliegemeza paa kwanza, akasimamisha nguzo mbili mpya, akalaza kizingiti juu yake. Mvua zimepita, ukuta umetulia. Nilimweleza mama kosa la zamani, nikamchorea chini kwa kijiti.

"Kumbe," akasema. Nikadhani yameisha.

Lakini nyumba sasa ni yangu, na kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, mama hunipigia simu huku Igalula ninakoishi.

"Mwanangu, umeamka mzima?"

Miaka yote hii ameubeba mguu wa baba, kwa sababu fundi mmoja aliona haya kusema kwamba alikata nguzo. Nameza hasira yangu, namjibu.

"Mzima, mama. Fungua."