Nilimwambia Bi Mwanaidi mfumo wangu haukosei, akaniambia nipande gari lake

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni developer. Kampuni yetu ndogo inajaribu mfumo wa kulipia barabara kielektroniki, njia ya Bagamoyo kwenda Dar. Gari linafungwa kifaa cha GPS. Ukipita barabara kuu saa za foleni unachajiwa zaidi. Ukibadili muda au njia, nafuu.

(Tulieni, ni majaribio tu. Hakuna anayekatwa hela.)

Kati ya waliojitolea yumo Bi Mwanaidi, mama mtu mzima, anapeleka samaki mjini kwa Noah yake. Ripoti ilionyesha kila asubuhi yumo kwenye foleni ya barabara kuu.

Kwenye kikao cha waliojitolea, Bagamoyo, akasimama. "Mwanangu, huko mimi sipiti. Nikifika Bunju nakata, napita ya vumbi, nyuma ya nyumba za watu."

Nikamjibu kifua mbele, "Mama, mfumo haukosei."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimemwita mwongo mbele ya majirani zake.

"Basi kesho panda gari langu."

Nikapanda, laptop mapajani, harufu ya samaki mpaka kwenye shati. Bunju akakata kona, tukaingia vumbini. Natazama screen, kidoti cha gari letu kwenye ramani bado kinatembea juu ya lami!

Njia mbili zimekaribiana mno, na code ilikuwa inachagua ile kubwa. Code niliyoandika mimi.

"Hapo inasema tuko wapi?" akauliza.

"Barabara kuu, mama."

"Haya."

Wakuu, bora angenitukana.

Nilikaa siku tatu narekebisha, nikasafiri naye tena mara mbili. Kidoti kikakaa vumbini.

Kikao kilichofuata nikasimama mwenyewe. "Bi Mwanaidi alisema kweli. Niliyekosea ni mimi. Naomba radhi."

"Yameisha, mwanangu," akasema. "Ila nikuulize. Sote tukikimbilia vumbini, foleni si itatufuata huko huko?"

Nikaliandika swali lake pale pale. Ndilo tunalolifanyia kazi sasa, na yeye tumemwomba awe anaukagua mfumo nasi.

Mfumo huu utafanya kazi, sina wasiwasi. Nilichojifunza: kabla hujambishia mtu kwa data, kapite njia anayopita yeye.

Nyie mnaopita Bunju kila siku, swali la Bi Mwanaidi mngelijibuje? Nasoma comments zote, hata za kunisema.